Usipake Rangi Chini ya Bolti

Ninyi vijana mnaonipigia simu na kusema, "Shikamoo Mama Waya, naomba unitumie tuni yako nikaiweke kwenye gari yangu," marahaba, lakini tuni siwatumii. Tuni, yaani mpangilio wa injini, si chapati kwamba nikikukatia nusu yangu nawe utashiba. Inapikwa kwa injini moja, kwa petroli ya mahali pamoja, kwa eksozi ile ile na mguu wa dereva yule yule. Badala yake nawapa habari za gari dogo linaloitwa Sufuria. Nikimaliza, kama bado mnataka kunakili kazi ya mtu mwingine, tafuteni kazi nyingine.

Jina langu la shuleni halina kazi hapa. Kilosa, kuanzia Magomeni mpaka stesheni, wananijua kama Mama Waya, kwa sababu nimekuwa fundi umeme wa magari tangu nikiwa msichana wa kuchekwa mpaka nimekuwa bibi wa kuchekwa. Nimestaafu, mgongo umegoma kuingia chini ya dashibodi. Lakini nikisikia injini iliyokaa sawa, ile inayopanda kutoka chini mpaka juu bila kukohoa, mwili wote unanisisimka na napiga kelele hata kama niko sokoni na kikapu cha nyanya. Mjukuu wangu anaona aibu kutembea nami. Apende asipende, huyo ndiye bibi aliyepewa.

Kazi niliipatia Mikumi, kwenye gereji moja ya kando ya barabara kuu, mikononi mwa Fundi Dastani. Yule mzee alikuwa anarekebisha kabureta kwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Ncha moja anaitia sikioni, nyingine anaishika kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza hewa inavyoingia. Mimi nashika bisibisi.

"Zungusha robo," anasema. "Robo, nimesema! Hukati muhogo!"

Akikosea anadai wewe ndiye uliyepumua karibu na mpira. Nilimpenda sana, na mpaka leo nikisikia hewa inapita kwenye tundu lolote, hata kwenye mlango wa choo, najikuta natega sikio.

Halafu yakaanza kuja magari yenye kontrolboksi. Hiyo ndiyo kompyuta ya injini, kisanduku kinachotosha kwenye viganja viwili, kinachoamua injini inywe petroli kiasi gani na cheche ipigwe lini. La kwanza kutufikia lilikuwa gari la watalii, limejaa matope ya mbugani. Fundi Dastani alikuwa amesikia kwamba kisanduku kile hakipendi maji. Kabla hatujaosha injini akakifungua mwenyewe kwa heshima zote, akakiviringisha kwenye kanga ya mke wake, akakifungia kabatini. Tukaosha injini mpaka ikang'aa. Tukawasha, kimya. Tukabadilisha plagi, kimya. Tukafungua pampu ya mafuta, tukalisukuma gari mpaka watalii wenyewe wakaja kusukuma nasi, wanacheka, sisi jasho linatutoka. Mchana mke wake akaja kuulizia kanga yake. Fundi Dastani akasimama kama aliyeitwa jina, akaenda kabatini, akarudi na kile kisanduku mkononi.

"Mwanaidi," akaniambia bila hata kupepesa, "sasa umejua kazi ya hiki kidude."

Kweli nilikuwa nimejua. Hakuna chuo ambacho kingenifundisha vizuri zaidi.

Sasa sikilizeni, maana bila hapa hamtaelewa kilichonipata na Sufuria. Ndani ya kontrolboksi kuna jedwali. Fikirieni trei la mayai. Mistari inayokwenda huku ni kasi ya injini, inayokwenda kule ni mzigo, yaani injini inavyokamuliwa. Kwenye kila kishimo, badala ya yai, kuna namba inayosema: injini ikifika hapa, mwaga petroli kiasi hiki. Kutuni ni kuipeleka injini kwenye kila kishimo, kuituliza hapo, kupima moshi kwa sensa iliyo kwenye eksozi, kisha kusahihisha namba kwenye laptopu. Petroli ikipungua mno injini inachemka, inaanza kugonga, na pistoni inaweza kutoboka. Ikizidi mno injini inazama, inatoa moshi mweusi na kunuka. Unatafuta pale katikati, na ukipapata, wallahi utapajua kabla laptopu haijakwambia.

Nilikuwa nimekwisha kuagana na hayo yote. Nilikuwa barazani nachambua mchele, Kalunde akasimama mbele yangu na sare yake ya kazi.

Kalunde ni binti wa Mzee Maganga wa hapa hapa Magomeni. Anaendesha watalii kwenye mbuga ya Mikumi. Kutwa nzima anatambaa nyuma ya twiga, anasimama kusubiri tembo amalize mambo yake. Mtu wa namna hiyo akipata siku ya mapumziko hataki tena kwenda polepole. Akiba yake yote iliingia kwenye gari la mbio.

Baba yake alikuwa fundi bati wa reli, mtu wa kuziba mabehewa. Reli ikisombwa na mafuriko ya mto Mkondoa, yeye na gangi yake ya matengenezo walikuwa wanapelekwa huko na nyundo zao. Alipostaafu hakulala. Aliunga mabomba ya chuma yakawa chasisi, akayavika bati la alumini, ribiti kwa ribiti, likatoka gari la viti viwili, halina paa, halina milango. Watu wawili wanainua nyuma yake huku wanapiga soga. Injini waliitoa kwenye gari dogo la Kijapani lililopata ajali, na kontrolboksi Kalunde aliagiza ile ya kupangwa upya. Watoto wa mtaa walipoliona tu wakaliita Sufuria, na jina likaganda.

"Shikamoo Mama Waya."

"Marahaba. Sufuria haijaungua?"

Hakucheka. Akakaa kwenye ngazi. "Mama, mzee macho yanakwisha. Ni presha ya macho. Daktari anasema pembeni kumeshafunga, bado katikati, na katikati nako kunapungua."

"Pole sana, mwanangu. Sikujua."

"Hataki watu wajue. Sasa kuna mashindano ya kupima muda, kwenye barabara ya zamani ya vumbi upande wa Masanze. Gari moja moja, na dereva anaruhusiwa kuwa na mtu mmoja pembeni. Mzee anataka kukaa pembeni yangu. Anasema anataka kuiona barabara inakuja, akiwa ndani ya gari aliloliunda mwenyewe. Hayo mashindano mengine, Mama, sijui kama atayaona."

"Na gari lina nini?"

"Asubuhi linakubali vizuri. Likishapata moto linakuwa kichaa. Linamisi, linakatakata, linatoa moshi, halafu ghafla linagonga. Injini ndiyo hiyo moja. Ikitoboka pistoni, safari ya mzee imekufa."

Nikamwambia mimi nimestaafu, nina mgongo, nina mchele wa watu wa kuchambua. Kisha nikamuuliza kama ameviona viatu vyangu.

Tatizo la kwanza la gari jepesi hamwezi kulijua mpaka mlikute. Nimewaambia kutuni ni kuituliza injini kwenye kila kishimo. Sufuria ukilikanyaga halitulii kokote. Halina uzito wa kulizuia, linaruka vishimo vyote kwa mkupuo mmoja, na mimi kwenye kiti cha pembeni na laptopu mapajani nabaki nashika kofia. Mjini kuna mashine za kufunga gari na kulikaza likiwa limesimama. Kilosa mashine hiyo hatuna. Tulichokuwa nacho ni pawatila.

Kule Kilangali wakulima wa mpunga wanatumia pawatila kulimia na kuvutia vitrela vyao. Nikamwendea mkulima mmoja ninayefahamiana naye, nikaazima trela, tukaunga ndoano nyuma ya Sufuria, tukapakia viroba vya mchanga. Kalunde akaniangalia.

"Mama, hii ni gari ya mbio."

"Leo ni punda. Kanyaga."

Tukatoka kwenye njia ya mashambani, gari la mbio linavuta viroba kama linahamia! Wanawake waliokuwa wanapandikiza mpunga wakanyoosha migongo kututazama. Mmoja akapaza sauti, "Dada, mkifika niteremshieni na mimi kiroba!" Lakini injini sasa ilikuwa imekamatwa. Ukitaka mzigo mdogo, shusha viroba. Ukitaka mkubwa, ongeza. Kalunde anashikilia mwendo mmoja, mimi nasoma namba, nasahihisha, tunahamia kishimo kinachofuata. Ile furaha siwezi kuielezea. Nilikuwa nimesahau njaa, nimesahau mgongo, vumbi limejaa mdomoni na mimi naimba. Kila nikisahihisha namba, sauti inakuwa nyembamba na safi zaidi, na Kalunde anapiga usukani kwa kiganja: "Chuma imekubali, Mama! Imekubali!"

Jua lilipopanda, ikakataa.

Ikaanza kumisi pale pale palipokuwa safi. Sensa ikasema petroli haitoshi. Nikaongeza. Ikasema imezidi. Nikapunguza. Ikagonga, ngo ngo ngo, na Kalunde akaondoa mguu kama aliyekanyaga mwiba. Siku iliyofuata hivyo hivyo, asubuhi malaika, mchana shetani. Mimi nasahihisha kilichosahihishwa jana, trei zima la mayai nimelivuruga. Nikalaumu petroli. Nikalaumu joto. Nikamlaumu Kalunde, masikini, kwamba ana mguu mzito. Akavua viatu kwa adabu, akaendelea kuendesha peku, na hilo likanichoma kuliko kama angejibu.

Kilichoniokoa ni mazoea yangu ya kuhifadhi nakala ya tuni kila injini inapokaa sawa. Na nyinyi fanyeni hivyo, maana siku utakayopotea utahitaji njia ya kurudi.

Siri ilifunguka tulipokuwa tumesimama. Injini inanguruma polepole, mimi natazama laptopu kwa uchovu tu. Feni ya rejeta ikawaka. Palepale, namba za sensa zote zikaruka pamoja. Joto la maji limepanda, hewa imebadilika, kibao cha mafuta, kile kinachofuata mguu wa dereva, kimesogea, na mguu wa Kalunde haujagusa kitu. Feni ikazima, namba zikarudi nyumbani. Nikapiga yowe!

"Kalunde! Washa taa!"

Akawasha taa kubwa. Namba zikaruka tena.

Elewa hapa. Sensa tatu haziwezi kuugua kwa dakika moja kwa sababu ya taa. Kinachougua ni kile zinachokitegemea zote, na hicho ni ethi: waya wa kurudisha umeme kwenye betri kupitia chasisi. Ethi ikiwa mbovu, feni ikivuta umeme, kontrolboksi inayumba, na kila kinachosomwa kinasomwa uongo. Asubuhi injini baridi, feni imelala, kila kitu kweli. Mchana feni inaamka, uongo unaanza. Siku zote zile nilikuwa nashonea nguo kivuli.

Nikafungua bolti ya ethi kwenye chasisi, na chini yake nikakuta rangi. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ile wanayopaka mabehewa, nzuri, nene, imelala kama malai. Umeme hauvuki rangi. Ulikuwa unajipenyeza kwenye nyuzi za bolti tu, kidogo kidogo. Nikafungua bolti nyingine, rangi. Chini ya kila ribiti, rangi. Yule mzee hakuacha chuma hata mahali pa kutua inzi.

Tukakwangua kwa msasa mpaka chuma kikawaka, tukakaza bolti, nikarudisha nakala ya tuni ya asubuhi ile ya kwanza, kabla jua halijapanda. Tukawasha feni, taa, honi, vyote kwa pamoja. Namba hazikutikisika hata moja! Tukaondoa trela na Kalunde akanipeleka mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Niliacha kofia njiani na sikurudi kuiokota. Kule kupanda kwa sauti, vijana wangu, kutoka chini mpaka juu, pasipo kikohozi hata kimoja! Nililia na sioni haya kusema.

Kesho yake asubuhi Kalunde akanipigia. "Mama, imerudia."

"Haiwezekani."

"Njoo uone."

Nikaenda kwao. Nikafungua ile bolti. Chini yake, pale tulipokwangua, palikuwa na rangi mbichi. Ilinishika kidole.

Mzee Maganga ana desturi. Kila alfajiri akitoka kuswali, analipitia Sufuria lote kwa vidole, maana macho hayamtoshi tena kukagua. Vidole vyake vikakuta chuma kitupu. Kwa mtu wa reli, chuma kitupu ni mgonjwa asiyefunikwa. Akachukua kopo na brashi, akafungua bolti, akapaka, akakaza. Kwa upendo kabisa.

"Mwambie asipake," nikamwambia Kalunde.

"Siwezi, Mama. Nimwambie kazi yake ndiyo inayoharibu gari? Kazi ya mikono, na macho ndiyo hayo yanakwenda? Atanyamaza tu, halafu hatalisogelea tena. Namjua."

Na mashindano yalikuwa yanagonga mlango. Tungekwangua kwa siri, naye angepaka tena asubuhi ya safari, na injini ingegonga katikati ya barabara akiwa ndani yake. Lazima aambiwe, na mtoto hawezi kumwambia. Kwa bahati Mzee Maganga ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa Kilosa na kazi ya reli, na mimi ni Mluguru. Sisi ni watani. Mtani anaweza kukuambia usoni neno ambalo mwanao hathubutu hata kuliwaza, na ukikasirika, aibu ni yako.

Nikamkuta uani, amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, Mzee Maganga."

"Marahaba. Sauti hiyo ni ya Mluguru. Nani amekuteremsha mlimani, mbona tambarare hujui kutembea?"

"Nimefuata mpagazi. Nasikia umechoka kubeba mizigo, sasa unaibebesha rangi."

Akacheka, mabega yakamtetema. "Rangi yangu imekukosea nini?"

"Imemlisha uongo mwanao. Wewe mpagazi umepaka rangi mpaka kwenye mdomo wa umeme. Umeme nao ni mtu, unataka kupita, umemfungia mlango. Kama si rangi yako ningekuwa nimemaliza kazi na kulala. Nakuambia mbele ya mwanao: siku ukifa nitakuja msibani na hilo kopo, nitakupaka na wewe, usipate kutu."

Kalunde alikuwa amejishika mdomo. Mzee hakucheka safari hii. Akasema taratibu, "Behewa halifi katikati ya bati. Linafia kwenye maungio, chini ya bolti, mahali ambapo jicho halifiki. Hapo maji yanajificha. Nimeziba mabehewa ya watu walioacha hapo bila rangi. Sasa unaniambia niache?"

Ilinigusa, maana alikuwa anasema kweli. Lakini maneno hayawezi kumaliza ubishi wa mafundi. Nikatoa taa yangu ya kupimia, balbu ndogo yenye waya wa kubana na ncha kali kama sindano. Nikabana waya kwenye betri, nikampa ncha.

"Gusa rangi yako. Taratibu, usiichome."

Akagusa. Nikamsogezea balbu mbele ya uso, pale katikati palipobaki. "Unaona nini?"

"Sioni kitu. Au ni macho yangu?"

"Si macho. Haijawaka. Sasa shika msasa, kwangua mwenyewe."

Akakwangua. Mkono wa fundi bati, jamani, hata ukiwa mzee! Akapuliza unga, akapapasa kwa kidole, akagusa tena kwa ncha. Balbu ikawaka kwenye pua yake.

"Naiona!" akasema. Akaondoa ncha, ikazima. Akarudisha, ikawaka. Akaondoa, akarudisha, kama mtoto na swichi. "Kalunde, naiona! Inawaka!"

Kalunde akageuka kuelekea ukutani.

"Na kutu?" akaniuliza baadaye. "Kutu nayo tuiambie nini?"

Hapo ndipo yeye alipokuwa na haki na mimi nikakosa, kwa sababu chuma nilichokiacha kitupu kingeoza mvua ya kwanza. Tukapatana hivi, na huu ndio utaratibu ninaowaachia nyinyi: kwanza kwangua chuma kiwake, pili kaza waya wako kwa nguvu, na baada ya kukaza ndipo upake rangi kwa juu, ufunike vyote. Rangi ikae juu ya bolti, isikae chini. Tulizunguka gari zima hivyo, mimi nalegeza, yeye anakwangua, Kalunde anakaza, na mzee anamalizia na brashi yake. Alinitukana kwa utani mpaka tukamaliza.

Siku ya mashindano nilisimama kwenye mwisho wa njia, karibu na Masanze, na watu wa kila aina, waendesha bodaboda, wakulima, wauza karanga. Magari yanaachiwa moja moja, kwa hiyo unalisikia kabla hujaliona. Jua lilikuwa kali, saa ya feni kuamka. Moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni, nikaogopa utanizuia kusikia.

Likaja. Kwanza uzi mwembamba wa sauti nyuma ya mashamba. Ukanenepa. Ukashuka kwenye kona, ukapanda, gia, ukapanda tena. Nilikuwa natafuta kikohozi. Natafuta ngo. Hakuna! Feni nilijua imeshawaka, lazima imewaka kwa joto lile, na sauti imenyooka tu! Nikaanza kuruka, mimi na mgongo wangu, nimemshika mkono muuza karanga nisiyemjua, namwambia, "Sikia! Sikia hiyo!" Naye akawa anaruka bila kujua kwa nini. Sufuria likatokeza kwenye kona na mkia wa vumbi jekundu, Kalunde ameinama, na pembeni yake kofia ngumu moja iliyonyooka kabisa, haiinami, haigeuki, inatazama mbele.

Hawakushinda. Alishinda jamaa wa Morogoro mwenye gari linalovuta magurudumu yote manne, na kwa vumbi lile alistahili. Sikujali hata kidogo.

Tulimtoa mzee kwenye kiti, maana hakukuwa na mlango wa kufungua. Nikamvua kofia. Uso wote vumbi, na mifereji miwili ya machozi imeshuka mpaka kidevuni.

"Mtani," nikasema, "mpagazi umebebwa leo."

"Gangi yetu ilikuwa inasafiri kwenye behewa la mwisho," akanijibu, na ilibidi nisogee kumsikia. "Maisha yangu yote ya reli nimekaa nyuma. Njia nilikuwa naiona inaondoka. Leo nimeiona inakuja."



Sasa haoni. Katikati nako kulifunga, kama daktari alivyosema. Kalunde bado anashindana, na kabla ya kila mashindano anamletea baba yake msasa na kopo la rangi, anamwacha na gari. Mzee analipitia kwa vidole mpaka anaifikia ile bolti ya ethi. Anailegeza, anakwangua, anakaza, anafunika.

Juzi nilikuwepo. Alikuwa amekwangua na hajakaza bado, akaniita. "Mluguru, hebu njoo ukague. Pako safi?"

Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Bila miwani mimi sioni hata kucha zangu, lakini hilo sikumwambia. Nikainama, nikaweka kidole changu kando ya kidole chake, kwenye chuma kilichokuwa bado na joto la msasa.

"Pako safi," nikamwambia. "Kaza."